Mpira wa Gofu Huchaguliwa Kuanzia Grini

Draiva hutoka mfukoni mara kumi na tatu au kumi na nne kwa raundi ya mashimo 18. Fimbo ya mchangani pengine hutoka mara tatu, na zipo fimbo zinazorudi nyumbani bila kuguswa. Mpira ndicho kifaa pekee kinachotumika katika kila mkwaju. Hata hivyo wachezaji wengi wa ridhaa watakaa saa nzima kwa fundi wakipimiwa urefu wa fimbo na ulalo wa uso wake, kisha wakifika uwanjani huchukua mpira wowote: waliopewa na mdhamini wa mashindano, walioupata kwa kedi aliyeuokota jana kwenye majani marefu, au waliouona kwenye televisheni ukichezwa na bingwa. Jina kubwa kwenye gamba si sababu ya kutosha, na bei ndogo peke yake haitoshi pia.

Mambo yanayotofautisha mpira mmoja na mwingine ni matatu: spini, yaani mzunguko wake unapotoka kwenye fimbo, mruko, yaani njia yake angani, na mguso, yaani jinsi mchezaji anavyousikia anapoupiga. Watengenezaji huyataja kwa pamoja kana kwamba yana uzito sawa. Kwa maoni yangu hayana. Spini ya karibu na grini ndiyo ianze. Mruko ufuate, tena kwa kuangalia hewa na majani ya pale unapocheza. Mguso uje mwisho, kuamua kati ya mipira miwili ambayo tayari imefaulu. Umbali wa draiva, ambao ndio watu huulizia kwanza dukani, nauweka kando, na sababu iko kwenye sheria zenyewe.

R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani ndizo zinazosimamia sheria za gofu duniani. Mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Kasi yake ya mwanzo unapopigwa na mashine ya majaribio ina kikomo, na umbali wote unaoweza kufika una kikomo pia. Makampuni makubwa yameishi karibu na vikomo hivyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukichukua mipira mitano mizuri ukaipiga kwa draiva ileile na kasi ileile, mara nyingi wa kwanza na wa tano hutofautiana kwa mita chache tu, na mchezaji wa ridhaa hupoteza zaidi ya hizo kwa kuupiga mpira nje kidogo ya katikati ya uso wa fimbo. Spini haikuwekewa kikomo cha namna hiyo. Huko ndiko wahandisi walikobaki na nafasi ya kutofautiana, na huko ndiko mnunuzi apeleke macho.

Kwamba spini ndiyo inayoushikilia mpira angani lilikuwa jambo la kubishaniwa hadi miaka ya 1890, wakati Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alipolifanyia kazi. Tait alikuwa na sababu ya nyumbani pia: mwanawe Freddie alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na tena 1898. Profesa alifunga utepe mwembamba kwenye mpira, mpira ukapigwa, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Kutokana na hapo aliweza kuonyesha kwamba mpira uliopigwa vizuri huzunguka kuelekea nyuma, na kwamba mzunguko huo huusukuma juu. Hewa inayopita juu ya mpira huvutwa pamoja na uso wake, ile ya chini hucheleweshwa, na mpira hupata kani ya kuuinua. Bila spini mpira wa gofu ungeanguka mapema kama jiwe lililorushwa.

Vibonyeo kwenye gamba hukamilisha kazi hiyo. Wachezaji wa karne ya 19, waliotumia mipira ya gutapacha iliyoanza kuenea mwaka 1848, waligundua kwamba mpira mpya laini uliruka vibaya, na ule uliokwaruzwa na fimbo uliruka vizuri zaidi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor alipata hataza ya vibonyeo vya duara kama tunavyovijua leo. Kazi ya vibonyeo ni kuivuruga kidogo hewa inayogusa gamba, ili ishikamane na mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, na ule mkia wa hewa unaouvuta nyuma uwe mdogo. Mpira usio na vibonyeo ungefika kama nusu ya umbali. Mipira mingi ya sasa ina vibonyeo kati ya 300 na 400. Idadi yenyewe haina maana kubwa kwa mnunuzi. Kina, umbo na mpangilio ndivyo vinavyoamua kama mpira utaruka juu au utakwenda chini chini, na mabadiliko ya kina kidogo sana, ambayo jicho haliwezi kuyaona, huubadilisha mruko wote.

Ili kuelewa kwa nini spini ya draiva na spini ya fimbo fupi ni mambo mawili tofauti, ni lazima kuufungua mpira. Enzi alipokuja Seve Ballesteros na kushinda Kenya Open mwaka 1978, mipira ya mabingwa ilikuwa na nyuzi za raba zilizoviringishwa kwa nguvu kuzunguka kiini, juu yake gamba laini la balata. Ilizunguka sana na ilitii mkono wa fundi karibu na grini, lakini ilizunguka sana kwa draiva pia, na pigo moja baya la fimbo ya chuma liliweza kulikata gamba. Mchezaji wa kawaida alinunua mpira mgumu wa vipande viwili wenye gamba la Surlyn, ambao ulikwenda mbali, ulidumu, na haukusimama kwenye grini. Mtu alichagua umbali au udhibiti. Vyote viwili havikupatikana pamoja.

Mwaka 2000 uliufunga ukurasa huo. Mwezi Juni Tiger Woods alishinda US Open kule Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15 akitumia mpira wa Nike wenye kiini kisichozungushiwa nyuzi, uliotengenezwa na Bridgestone. Mwezi Oktoba Titleist wakaupeleka Pro V1 kwenye mashindano ya Las Vegas, na wachezaji wengi wakaupokea palepale. Baada ya muda mfupi mipira ya nyuzi ilitoweka kwenye mashindano ya juu. Siri ilikuwa kwenye tabaka. Kiini kikubwa cha raba, tabaka gumu juu yake, na gamba jembamba laini la yurethani nje kabisa. Draiva hupiga kwa nguvu nyingi na kwa uso uliosimama, kwa hiyo mpira mzima hubonyea hadi kiini, na muundo huo wa kiini laini na tabaka gumu juu yake hushusha spini. Fimbo fupi hupiga kwa nguvu kidogo na kwa uso uliolala, hivyo inafanya kazi na gamba tu: gamba laini hubanwa kati ya mifereji ya fimbo na lile tabaka gumu lililo chini yake, linashika, na mpira unazunguka.

Takwimu za rada za PGA Tour zinaonyesha upana wa jambo hili. Mchezaji wa wastani wa huko hupata spini ya karibu mizunguko 2,700 kwa dakika kwa draiva, karibu 7,000 kwa chuma namba 7, na zaidi ya 9,000 kwa weji ya kukaribia grini. Mpira mmoja unatakiwa ufanye kazi zote hizo. Kwenye draiva, mifano mizuri ya leo hutofautiana kwa mizunguko mia kadhaa. Kwenye mkwaju mfupi wa mita 30 au 40, tofauti kati ya gamba la yurethani na gamba la ayonoma, ambalo ndilo jamii ya Surlyn, inaweza kufika maelfu.

Angalia mkwaju huo kwa karibu. Mchezaji yuko mita 30 kutoka kwenye bendera, majani chini ya mpira ni mafupi na makavu, na bendera iko hatua chache tu ndani ya ukingo wa grini. Mpira wa ayonoma unapopigwa huteleza kidogo kupanda uso wa weji. Unatoka juu zaidi, jambo linalomdanganya mtazamaji adhani utasimama. Unatua, unaruka, unaruka tena, kisha unaendelea kubingirika hadi upande wa pili wa shimo. Mpira wa yurethani hutoka chini zaidi kwa sababu umeshikwa badala ya kuteleza. Unatua, unaruka mara moja, na kwenye mruko wa pili unakamata. Mara nyingi tofauti ya mahali pa kusimama ni mita kadhaa, na mita hizo ndizo zinazoamua kama mkwaju unaofuata ni wa kusukuma mara moja au mara mbili. Hakuna mahali pengine uwanjani ambapo kubadilisha mpira pekee, bila kubadilisha mwili wala fimbo, humpa mtu faida kubwa namna hii.

Wapo wanaosema kwamba mchezaji mwenye handikapu kubwa hawezi kuitumia spini hiyo, basi asihangaike nayo. Naona hoja hii imegeuzwa kichwa chini. Mchezaji wa handikapu 20 hukosa grini nyingi kwa mkwaju wake wa kukaribia, kwa hiyo ndiye anayecheza mikwaju mifupi mingi zaidi. Kweli, hapigi mpira safi kila mara. Lakini anapoupiga safi, hata kwa mkono wa polepole, gamba la yurethani humlipa na la ayonoma halimlipi. Asiyehitaji spini kwa kweli ni yule ambaye bado anajifunza kuugusa mpira kwa uso wa fimbo. Huyo apewe mipira ya bei nafuu yenye gamba gumu apige bila hofu ya kupoteza.

Majani ya hapa kwetu yanaipa hoja hii nguvu zaidi. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za Kikuyu, nyasi zilizochukuliwa kutoka nyanda hizo na kupewa jina la Wakikuyu, kisha zikaenea hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako uwanja maarufu wa Riviera mjini Los Angeles unazo. Ni nyasi nene zenye mashina yanayotambaa. Kwenye feawei zinaubeba mpira juu kama umewekwa kwenye kijiti, na hiyo ni neema. Pembeni mwa grini mambo hubadilika. Ule mkwaju wa kubingirisha mpira chini chini, ambao Waskoti wanaupenda kwenye nyasi zao fupi za pwani, humezwa na Kikuyu kabla haujafika grini. Anayecheza Muthaiga, Karen au Limuru hulazimika kuurusha mpira juu ya nyasi hizo na kuutua kwenye grini yenyewe, akiwa na nafasi ndogo ya kusimamisha. Kwake spini ni hitaji la kila raundi.

Lakini ni vizuri kusema wazi spini inapokoma. Mpira ukizama kwenye Kikuyu ndefu, majani huingia kati ya uso wa fimbo na gamba, na hapo yurethani hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Chuma namba 7 kutoka kwenye majani kama hayo hutoa mpira unaoruka kwa kasi na kuzunguka kidogo tu, unaopita grini kwa mbali. Umande wa asubuhi na maji ya masika hufanya kitu cha aina hiyo, ingawa yurethani huvumilia maji kuliko ayonoma. Na kwenye brauni, yaani mchanga uliotiwa mafuta na kusawazishwa, ambao klabu kadhaa za Afrika Mashariki zimeutumia badala ya grini za majani, kulipia spini ni kutupa fedha. Uso wa mchanga hauna cha kukamatwa.

Kuna mabishano ya zamani kati ya watengenezaji kuhusu mahali pa kuanzia. Bridgestone walijijengea jina kwa kuwapima wachezaji wa ridhaa kwa draiva: kasi ya fimbo, pembe ya kutoka, spini, kisha mpira ukapendekezwa. Titleist wameshikilia kinyume chake, kwamba uchaguzi uanze grini urudi nyuma hadi kwenye kijiti cha kuanzia. Wote wana mipira ya kuuza, na kila mmoja ana sababu zake za kibiashara. Hata hivyo nikipima kwa vitu tulivyokwisha kuviona, yaani kikomo cha umbali na upana wa tofauti za spini, naona Titleist wako upande sahihi. Kupima kwa draiva ni kupima mahali ambapo mipira inafanana zaidi.

Hofu moja ya wanunuzi inastahili jibu hapa. Wengi wanaopinda mpira kwenda kulia wanaamini kwamba mpira wa mabingwa utawaongezea upindaji. Hiyo ilikuwa kweli enzi za balata, wakati mpira uliozunguka sana kwa weji ulizunguka sana kwa draiva pia. Mpira wa yurethani wa leo hauna tabia hiyo. Kinachopinda mpira ni uso wa fimbo uliofunguka ukilinganisha na njia ya fimbo. Uso huo huulaza mhimili wa mzunguko, na mpira hufuata ulalo huo. Mpira wenye spini ndogo utapunguza upindaji kidogo. Hautaugeuza kuwa mnyoofu. Anayetaka kuacha kupinda atafute mwalimu, na mpira auchague kwa ajili ya mambo ambayo mpira unaweza kuyafanya.

Sasa mruko. Hapa ndipo ushauri unaoandikwa Marekani na Ulaya unapotuacha njia panda, maana viwanja vyetu viko kwenye hewa tofauti kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kampala iko katikati. Hewa nyepesi huuzuia mpira kidogo, hivyo unakwenda mbali zaidi: kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi wa Titleist, urefu wa Nairobi huongeza umbali kwa kama asilimia 6. Mkwaju wa mita 150 pwani unakuwa karibu mita 160 Muthaiga. Kila mgeni anayekuja Kenya Open huambiwa hilo na kedi wake siku ya kwanza.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hewa hiyohiyo nyepesi huuinua mpira kidogo pia. Spini inaweza kubaki ileile, lakini nguvu inayozalishwa na spini hiyo hupungua. Mpira huruka ukiwa umelala zaidi, huja chini kwa pembe ndogo, na hubingirika zaidi baada ya kutua. Kwa mabingwa wa PGA Tour, chuma namba 7 hushuka kwa pembe ya karibu digrii 50, na kuna akiba ya kutosha. Mchezaji wa ridhaa mwenye kasi ndogo hushuka kwa pembe ndogo zaidi hata akiwa pwani. Mpeleke Nairobi na mpira wake utagonga grini ukiwa unakimbia. Kwa sababu hiyo mchezaji wa nyanda za juu aelekee kwenye mipira inayoruka juu na kuzunguka zaidi kwa chuma. Katika familia ya Titleist, kwa mfano, Pro V1x huruka juu na kuzunguka kuliko Pro V1, na AVX iko chini ya yote miwili. Nikiwa na mchezaji wa Nairobi mwenye kasi ya wastani, AVX ingekuwa ya mwisho kwenye orodha yangu, hata kama anaipenda kwa ulaini wake.

Pwani hesabu hugeuka. Vipingo kule Kilifi na Nyali pale Mombasa ziko kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari, na kuna upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huingia Aprili na huwa kali katikati ya mwaka. Mpira unaokwenda dhidi ya kusi hukutana na hewa kwa kasi kubwa zaidi, hivyo spini yake huzaa nguvu ya kuinua iliyozidi: unapaa kama tiara, unasimama angani, kisha unaanguka mita 20 kabla ya pale ulipokusudiwa. Mchezaji anayeishi na kucheza pwani ana haki ya kutafuta mpira wa mruko wa chini, mradi asiuache udhibiti wa karibu na grini. Hilo linawezekana: ipo mipira ya yurethani yenye vibonyeo na viini vilivyosanifiwa kwenda chini. Asichopaswa kufanya ni kununua mpira mgumu wa ayonoma kwa sababu ya upepo. Atapata mruko wa chini kwa draiva na kulipa gharama yake kwenye kila mkwaju mfupi. Na dhidi ya upepo, kuchukua fimbo ndefu zaidi na kuipiga polepole hushusha spini kuliko mpira wowote unavyoweza kuishusha.

Mguso umewekwa mwisho, na wengi hawatakubaliana nami, kwa kuwa ndicho kitu wanachokisikia mara moja. Kwa hakika wanakisikia, kwa maana halisi ya neno hilo. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Mtetemo unapopanda kwenye mpini, ukafika mikononi na kutoka hapo hadi kwenye ubongo, mpira umekwisha kuondoka zamani. Kile tunachokiita ulaini au ugumu ni mtetemo huo uliochelewa pamoja na sauti, na sauti ina sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ziba masikio, usukume mipira miwili tofauti kwenye grini, na utaona jinsi tofauti inavyofifia. Mpira mgumu hutoa mlio wa juu, mpira laini hutoa mlio wa chini. Fimbo ya kusukumia yenye kipande laini usoni inaweza kuufanya mpira mgumu usikike laini, na hapo utakuwa umebadilisha mguso bila kubadilisha mpira.

Kusema hivyo si kuudharau. Mikwaju ya kusukuma ni sehemu kubwa ya raundi, na mchezaji hukadiria umbali kwa kulinganisha mlio na jinsi mpira ulivyokimbia. Anayezoea mlio mmoja kisha akapewa mpira wenye mlio mwingine huanza kusukuma fupi au ndefu. Kwa hiyo kati ya mipira miwili yenye spini na mruko unaokufaa, chagua ule unaokupendeza masikioni, na usimwonee mtu aibu kwa uamuzi huo.

Jambo la kukataa ni imani kwamba mwenye kasi ndogo lazima atumie mpira laini ili aweze kuubonyeza. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha mgandamizo: mipira laini sana huwa kwenye thelathini, mipira mingi ya mabingwa kati ya themanini na mia moja. Kila mchezaji huubonyeza mpira, mwenye nguvu sana na mwenye nguvu kidogo, na hakuna kizingiti cha kasi ambacho chini yake mpira unakataa kufanya kazi. Kwa wenye kasi kubwa, mpira laini sana kwa kawaida hutoka polepole zaidi. Kwa wenye kasi ndogo pengo hilo hupungua, lakini ulaini huleta kitu kingine: spini ndogo kwa chuma. Mzee wa Nairobi anayepiga chuma namba 7 mita 115 huuziwa mpira laini kwa jina la umri wake, kisha anashangaa mbona grini zake zote anazipita. Mpira wake unazunguka kidogo, kwenye hewa inayoinua kidogo, na unashuka umelala. Sababu zote tatu zinasukuma upande mmoja. Huyo ndiye mtu ambaye mpira wa kuruka juu wenye gamba la yurethani ungemsaidia kuliko kijana apigaye mita 160.

Fedha zina sauti katika jambo hili. Dazeni ya mipira ya daraja la juu nchini Marekani huuzwa dola 50 na zaidi, na kabla haijafika kwenye duka la klabu hapa kwetu imeongezewa usafiri na ushuru. Mipira ya vipande viwili huwa chini ya nusu ya bei hiyo. Kati yao sasa kuna daraja la katikati, mipira ya tabaka tatu yenye gamba la yurethani kama Srixon Q-Star Tour, na hilo ndilo daraja ambalo wachezaji wengi wa ridhaa wangeanza nalo. Anayepoteza mipira minne kwa raundi anaweza kupata yurethani kwa njia nyingine: mipira iliyookotwa, inayouzwa na makedi na wapiga mbizi wa mabwawa. Mpira uliookotwa ukaoshwa, wenye gamba lisilo na mikwaruzo mikubwa, bado una thamani. Uuogope uliopakwa rangi upya. Rangi hujaza vibonyeo, na tumekwisha kuona kibonyeo kinafanya kazi gani. Tena rangi huficha mkato ulio chini yake. Ule unaong'aa isivyo kawaida, maandishi yake yakiwa yamechapwa juu juu, uache kwenye kapu.

Mwezi Desemba 2023 R&A na USGA walitangaza kwamba jaribio la umbali litafanywa kwa kasi kubwa zaidi ya fimbo, ratiba ya tangazo hilo ikitaja 2028 kwa wachezaji wa juu na 2030 kwa wengine. Makadirio yao wenyewe ni kwamba wachezaji wengi wa ridhaa watapoteza yadi 5 au chini ya hapo. Hilo lisimzuie mtu kununua mpira leo, wala lisimfanye arundike madazeni stoo.

Njia ya kuchagua yenyewe haihitaji rada. Pata mipira ya aina mbili au tatu, iweke alama, nenda kwenye grini ya mazoezi jioni wakati hakuna msongamano. Anza na weji kutoka mita 20 hadi 40, ukibadilisha mipira bila kubadilisha mkwaju. Angalia mruko wa pili na umbali wa kubingirika. Usiangalie urefu wa kupaa. Aina inayokushinda kusimamisha itoe hapohapo. Zilizobaki zipeleke kwenye shimo halisi, piga chuma namba 7 kuingia grini, uone mpira unasimama hatua ngapi kutoka kwenye alama ya kutua. Rudia siku yenye upepo ikiwa unacheza pwani. Draiva iwe ya mwisho, kwa ajili ya kuhakikisha tu kwamba hakuna kioja. Kisha sukuma chache, usikie.

Ukishachagua, baki nao. Katika mashindano ya kulipwa kwa kawaida ipo sheria ya uwanja inayomtaka mchezaji atumie aina moja ya mpira raundi nzima. Wa ridhaa mara nyingi hafungwi na sheria hiyo, na ndiyo sababu mfuko wake una mipira ya aina sita. Mikwaju mifupi hujengwa na kumbukumbu ya mkono, na mkono hauwezi kukumbuka mipira sita. Hata anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Vipingo kwa mashindano ya wikendi nisingemshauri abadilishe mpira kwa sababu ya hewa. Abadilishe fimbo: mita 150 alizozoea kuzifika kwa chuma namba 7 nyumbani, pwani azipigie namba 6, na kusi ikiwa usoni, namba 5.